Jina la Kaka Kwenye Megafoni

Ringi za uwanja wetu wa basketi kule Baraka zilikatwa kwenye pipa moja la mafuta. Fundi wa misheni alikunja duara mbili, moja ikatoka kubwa kidogo kuliko nyingine. Sisi wenyeji tuliijua siri hiyo, na kipindi cha pili tulihakikisha tunashambulia upande wa ringi kubwa. Wageni walidhani tuna nguvu za kumalizia. Mistari tuliichora kwa majivu ya bamama wanaokausha samaki, kwa hiyo ukianguka unainuka unanuka samaki. Mimi nilipenda hata hiyo harufu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mfupi, mwepesi wa miguu. Darasani nilikuwa mtu wa mwisho-mwisho, lakini uwanjani ndimi niliyegawa mipira.

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, shule za sekondari za pande zetu zilikutana kumaliza msimu wa basketi: Uvira, Mboko, Fizi kule juu, na sisi. Ukishindwa mara moja, unarudi kwenu. Anayebaki peke yake anapanda lori kwenda Bukavu kucheza na shule za mkoa mzima. Bukavu nilikuwa sijafika. Mtu mmoja aliniambia kule uwanja ni wa saruji, na mpira ukidunda unalia kama mtu anayebisha hodi. Nililala na mlio huo masikioni mwaka mzima. Na mwaka ule mashindano yaliwekwa kwetu, na sisi tulikuwa na mtu wa kutufikisha.

Alishuka kutoka mlimani mwisho wa mvua. Miaka ile neno "mlimani" halikusemwa kwa sauti. Kule juu walikuwako watu wenye bunduki waliomkataa Kiongozi na Chama chake, na askari waliopiga kambi Baraka walimhesabu kila anayeshuka bila karte, kadi ya Chama, kuwa mmoja wao. Walioshuka hivyo waliitwa kambini kujibu maswali mawili matatu, hawakurudi. Baadaye ndugu zao walianza kuwataja kwa sauti ndogo, kama watu walio chumba cha mgonjwa. Rafiki yangu hakuwa na bunduki. Alikuwa na mama aliyezikwa huko juu, mjomba mmoja kwetu anayelima muhogo, na mikono ambayo ikishika mpira, mpira unageuka chungwa. Prefe, mkuu wa shule yetu, alimpokea bila karatasi. Alisema karatasi zitafuata, huku macho yake yako kwenye ile mikono.

Hazikufuata. Wiki ya mashindano mwalimu wa michezo alitueleza kwamba orodha ya wachezaji itakwenda kwa komanda wa kambi, kila jina na namba ya karte yake, na kwamba watakaoshinda watapitishwa kwenye bariyeri zote za barabara kwa orodha hiyo hiyo. Tulipotoka rafiki yangu aliniambia tu kwamba mjomba anahitaji mtu wa kumsaidia kung'oa muhogo, kwa hiyo hatacheza.

Nyumbani kwetu kulikuwa na karte moja isiyo na mwenyewe.

Kaka yangu alizama miaka miwili nyuma, upande wa Ubwari, alipokwenda kuvua ndagala. Mtumbwi ulionekana, yeye hapana. Karte yake aliiacha nyumbani isije ikalowa. Kwetu, mtu akiliwa na ziwa na mwili usipatikane, wazee wanazika shina la mgomba mahali pake, mama yake ananyolewa nywele, kilio kinafungwa, watu wanaendelea kuishi. Mama alikataa. Aliwaambia wazee mbele ya watu, "Sitazika mugomba. Mi nilizala muntu." Nywele zake hazikunyolewa. Karte ilikaa kwenye kopo la majani ya chai, na mtu yeyote akipita njiani kwa hatua ndefu, mama aliacha kukoroga sombe ya majani ya muhogo, akasikiliza.

Niliichukua Alhamisi, mama akiwa sokoni. Sikuiita wizi. Nilijiambia kwamba kaka pia alicheza, kwamba naye angependa kufika Bukavu. Kwenye picha alionekana kijana mrefu mwenye shingo ndefu, basi. Mpiga picha wa soko letu aliwafanya watu wote wa Baraka wafanane. Rafiki yangu aliishika ile karte kwa ncha za vidole.

"Na wakiniuliza baba yangu?"

"Utataja wangu."

"Mama yako iko anajua?"

Nilimjibu kwamba mama haji uwanjani. Ilikuwa kweli. Tangu kaka apotee hakuwahi kukanyaga pale.

Na hapo ndipo tulipokosea. Kwetu hakuna anayetangaza majina kwenye mechi. Watu wote wanajuana. Mchezaji anaitwa "we mrefu" au "mutoto wa fundi", inatosha. Jina la kaka, ambalo mwalimu aliliandika kwenye orodha jioni hiyo bila kuuliza, tulilihesabu kuwa jambo la karatasi, la komanda na watu wa bariyeri, lisiloweza kutoka mdomoni mwa mtu.

Ijumaa tuliwatoa Mboko. Uvira wakawatoa Fizi. Uvira wote walikuwa na viatu. Komanda alikuja akakalia kiti cha prefe, karanga mfukoni, daftari gotini. Hakuwa mtu wa kufoka. Ujanani alikuwa amecheza mchezo huu Kinshasa, na alipiga makofi mahali panapostahili, kabla sisi hatujaelewa kilichotokea. Baada ya mechi alimwita rafiki yangu, akampima mabega kwa kiganja, akamuuliza jina. Rafiki akataja la kaka. Komanda aliliandika polepole, herufi moja moja. Akasema timu ya jeshi inatafuta vijana warefu wenye adabu. Halafu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, akamuuliza kama ana ndugu kule juu. Rafiki akasema hapana. Komanda akabonyeza karanga ikapasuka, akampa nusu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Tulifagia barabara, tukafyeka majani ya kando, na karani wa zoni alitembea nyuma yetu na megafoni akiwataja waliochelewa. Kazi ilipoisha, komanda alisema megafoni isirudishwe ofisini. Ije uwanjani, fainali ifanane na za Kinshasa. Nilimwona karani akikaa mezani, orodha yetu mbele yake, anapuliza ndani ya kile chombo kuondoa vumbi. Jasho la salongo likapoa mgongoni mwangu. Soko liko hatua mia mbili hivi kutoka pale, na mama alikuwa huko na mandazi yake.

Kwanza timu zote mbili zilicheza ngoma na kumwimbia Kiongozi, kama ilivyotakiwa. Kisha filimbi. Mpira wa kwanza nilimpa yeye bila kufikiri, mkono ulishazoea. Akaruka, akauweka ndani taratibu. Na megafoni ikataja jina la kaka yangu, lote, mpaka la babu, jinsi lilivyoandikwa kwenye karte.

Askari walipiga makofi. Watu wa Uvira walizomea. Watu wa Baraka walinyamaza. Walikuwapo pale wanaume waliokwenda na mitumbwi siku nne kumtafuta kaka; wakatazamana, kisha wakatazama majivu ya mistari. Karani alikuwa mtu wa Kalemie, hakujua alichokitaja. Jina likapita juu ya mapaa ya majani, likaelekea sokoni.

Tangu hapo sikumpa mpira tena. Niliwapa wafupi, niliwapa wasiojua kudaka, nilimpa hata mmoja aliyekuwa anafunga kaptula yake. Uvira wakatuacha mbali. Mwalimu aliuliza kama nimerogwa, na beki wetu, mtu wa mdomo, akanipigia kelele mbele ya watu wote, "We mufupi, unamupita muntu kama unapita nguzo ya posta?" Watu walicheka kidogo. Komanda aliacha kula karanga. Sasa alikuwa ananitazama mimi.

Wakati wa kupumzika rafiki alinisogelea, maji mkononi.

"Unaninyima mpira juu ya ile jina."

"Mama atasikia," nikamwambia.

Hakugeuka. Alinionyesha kwa macho tu. "Amekwisha kusikia."

Mama alikuwa amesimama kwenye kona, pale mistari inapokutana, beseni la mandazi kichwani, kikwembe cha kiunoni kimefungwa vibaya. Hakunitazama. Alikuwa anatazama migongo ya wachezaji, mmoja, mwingine, mwingine, anatafuta.

Kipindi cha pili kilipoanza, nilimpa mpira. Hakukuwa na maana ya kuuficha tena. Aliruka, na jina likatajwa, na mama akaona ni mwili wa nani unaoshuka chini ya jina lile. Midomo yake ikafunguka. Nilingoja kilio. Komanda naye alikuwa ameshamwona, akainuka, akavuka uwanja kwa miguu yake, daftari mkononi. Refa akashika filimbi bila kuipuliza. Mpira uliniponyoka, ukabingirika juu ya majivu, na hakuna aliyeufuata.

"Mama, unamujua huyu kijana?"

Mama alishusha beseni, machozi yanamtoka. Alimtazama rafiki yangu tangu miguu isiyo na viatu mpaka shingo. Akatazama mikono yake, ile mikono. Kisha akanitazama mimi kidogo tu, nikajua amekwisha kuelewa kwamba kopo la majani ya chai liko tupu.

"Ni mutoto wangu," akasema. "Wa kwanza. Huyu mufupi ni mudogo wake."

"Sasa unalia nini?"

"Iko siku mingi sijamuona akicheza."

Komanda akacheka, akachukua andazi moja, akalisifu. Alisema mbele ya wote kwamba Jumatatu asubuhi atatuma gari kumchukua kijana kwa timu ya kambi. Bukavu ingoje, jeshi halingoji. Mwalimu akaanza kumwelekeza nyumba yetu. "Nyumba naijua," komanda akasema, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Tulishinda. Kikapu cha mwisho kilikuwa chake, kwenye ringi kubwa, na jina lilipotajwa mama ndiye aliyeanza kupiga kigelegele. Bamama wa Baraka wakamfuata kwa sauti ambayo sijaisikia tena, nusu kigelegele, nusu kilio.

Nyumbani hakunipiga. Alitupa sombe sote wawili, sahani moja. Rafiki aliweka karte kwenye mkeka, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mama. Mama akairudisha. "Wangu aliiacha," akasema. "Alienda bila kitu. We uende nayo."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, mjomba wake alimvusha mpaka Ubwari, na kutoka Ubwari wavuvi wengine wangempeleka ng'ambo, Kigoma. Tulishikana mkono penye mchanga. Alisema nikifika Bukavu nisikilize vizuri kama kweli saruji inabisha hodi. Niliporudi, sikumkuta mama. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wazee kuwaambia wakate mgomba.

Jumatatu gari la komanda, naye mwenyewe ndani, lilikuta kiwanja chetu kimejaa. Bamama waliolia miaka miwili nyuma walikuwa wanalia tena, na hakuna aliyefundishwa la kufanya. Mama alikaa katikati amenyolewa, kichwa chake kidogo kinang'aa. Sikuwahi kujua kina umbo lile. Wazee walikuwa wamefunga shina la mgomba kwenye kikwembe chake. Walimweleza komanda kwamba kijana alikwenda kuvua ndagala za kula safarini, na kwamba mtumbwi umeonekana upande wa Ubwari, yeye hapana. Wanaume waliosema hayo walikuwa wameyasema maneno yale yale mara ya kwanza, kwa hiyo hawakujikwaa hata neno moja. Na mama hakuigiza. Miaka miwili yote ilitoka siku ile.

Komanda alivua kofia, akasimama mpaka udongo ulipofunika mgomba. Aliuliza jinsi gani mtu anazama siku ambayo ziwa limelala. Mzee mmoja akamjibu kwamba ziwa halina adabu, chefu. Komanda akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina, polepole, kama alivyoliandika. Halafu akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"We ndiye mudogo wake. Mugawa mipira."

"Ndiyo, komanda."

"Jina lako nani?"

Jina langu lilikuwa kwenye orodha, alikuwa nayo tangu Alhamisi. Nililitaja hata hivyo. Akaliandika chini ya lile lililokatwa, akatoa karanga mfukoni, akaipasua, akanipa nusu.

Lori la Bukavu liliondoka bila mimi. Siku hiyo hiyo mama alinisindikiza penye mchanga ule ule, kichwa kimefunikwa kitambaa. Nilikuwa nimeiacha karte yangu kwenye kopo, nikidhani hivyo ndivyo inavyofanywa. Alikuwa amekuja nayo. Aliingia majini mpaka magoti kunipa.

"Beba," akasema. "Mi sina mugomba ingine."

Rafiki yangu nilimkuta huku Kigoma anabeba magunia bandarini, na watu wanamwita kwa jina la kaka. Nyuma ya ghala moja kuna sakafu ya saruji, pana kidogo. Jioni, kazi ikiisha, tunadundisha mpira pale, nami bado naota timu na ringi zinazolingana. Yule mtu hakunidanganya, saruji inalia kama hodi kabisa. Mimi hucheka kila mara. Rafiki yangu kila mara hugeuka kutazama mlango wa ghala.