Bwana Mifugo na Kifaa cha Njia

Wapo mpaka leo, Kasulu na Kibondo, wanaosema kwamba shemeji yangu Longinus aliuza ardhi ya watu. Wengine wanasema alikuwa mlevi tu. Mimi nimeolewa katika ukoo wa Mzee Kalunga, nimemzika mume wangu katika ukoo huo, na watoto wangu wanalibeba jina hilo kazini kwao. Sitaliacha lichafuliwe na watu ambao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Longinus ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alisomea mifugo chuoni, akaanza kazi Kibondo, akahamishiwa Kasulu, na alipostaafu hakukaa bure. Mkewe alikwisha kutangulia, basi akaja kuishi katika nyumba ndogo iliyo uani kwangu, na watu wakaendelea kumwita bwana mifugo. Ng'ombe akikwama na ndama, kuanzia Muyama hadi vijiji vya Kibondo, simu ilimtafuta yeye. Alivaa buti zake za mpira, akafunga sanduku la dawa nyuma ya pikipiki, akaondoka. Huku kwetu nyumba hazina namba. Mtu anakuambia, "Vuka mto, acha migomba ya kwa Anania, panda mpaka uone zizi lililoinama," na kama si mwenyeji utalala porini. Longinus hakuhitaji hata kuambiwa hayo. Ukimtajia jina la mwenye ng'ombe, alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki.

Siku moja aliitwa Nyakitonto, akaonekana Manyovu, mpakani, upande mwingine kabisa. Wabadilisha fedha walimkuta amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa.

"Mzee, unabadilisha?" walimuuliza.

"Namsubiri ng'ombe," akajibu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na hapo ndipo habari ya ulevi ilipozaliwa. Ninyi mliokuwa mkicheka, jueni kwamba mtu huyo hajagusa pombe ya ndizi tangu tulipomzika kaka yake.

Nilimpeleka kwa daktari, kijana wa mkoa mwingine aliyepangiwa kazi huku, mwenye adabu. Alimpima kwa maswali na kwa picha, kisha akasema polepole kwamba ugonjwa huu hautarudi nyuma. Mahali alipopazoea patamtoka, leo hapa, kesho pale. Akamshauri aanze kuzoea kukaa bila pikipiki.

Tukiwa njiani kurudi, Longinus alisema, "Shemeji, kama kichwa hakishiki, nitafute kitu kinachoshika. Ng'ombe hawajui kwamba naumwa."

Tulikubaliana jambo hilo libaki ndani ya ua. Ugonjwa wa kichwa kwetu hauwi wa mtu mmoja. Hupimwa nao ukoo mzima, na wakati huo binti yangu Deborah alikuwa anachumbiwa. Tena, nani atampa ndama wake mtu anayesahau?

Basi tukaenda mjini kwa Twalibu, anayeuza vipuri na vifaa vya umeme, kuchagua GPS ya pikipiki. Twalibu alitupangia vitu vitatu juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kishikio cha kufunga simu kwenye usukani. Longinus alikisukuma pembeni. "Simu yangu ikilowa inakufa, na kule ninakokwenda mtandao haupandi." Cha pili kilikuwa kioo kipana cha gari, kizuri kwa macho, lakini kingetikiswa na makorongo yetu wiki moja kikaachia vipande. Cha tatu kilikuwa kidogo, kimevikwa mpira, na vitufe vyake vikubwa vinabonyezeka hata ukiwa umevaa glavu. Kilijazwa umeme na betri ya pikipiki, hakikuogopa mvua, na kilisoma setilaiti bila kuomba mtandao.

"Hiki kinaongea kama mke, mzee," Twalibu alisema. "Kata kulia, kata kushoto, umepitiliza. Tofauti ni kwamba hiki ukichoka unakizima."

"Wangu alizimika mapema, kijana," Longinus akamjibu, na Twalibu akakosa pa kuweka uso.

Nilikiwasha mwenyewe nikaitazama ramani yake. Barabara kuu ya Kasulu hadi Kibondo ilikuwepo, imenyooka kama uzi. Pembeni yake kulikuwa kweupe. Hapakuwa na mto, kitongoji, wala zizi.

"Kwa hiyo hakijui kitu," nikasema.

"Hakijui mpaka akifundishe," Twalibu alieleza. "Anakwenda mpaka kwenye nyumba, anasimama uani, anabonyeza hapa, anaandika jina. Siku nyingine akilichagua lile jina, kitampeleka. Ila safari ya kwanza lazima aijue mwenyewe."

Longinus alinitazama. Angeweza kukifundisha tu kile ambacho bado alikuwa nacho, na kilichokwisha kumtoka kisingerudi tena. Tulikichukua kile cha tatu.

Tangu siku hiyo ilikuwa mbio. Mimi, mwalimu mstaafu, mjane wa watu, nilijifunga kitenge nikakaa nyuma ya pikipiki, kwa sababu mikono yake ilitetemeka kwenye herufi ndogo. Yeye alitafuta nyumba, mimi niliandika majina. Kwa Yusta. Kwa Elisante wa mtoni. Kwa Niyonsaba. Siku njema tulipata nyumba nyingi. Siku nyingine alisimama njia panda, akazima pikipiki, akatazama kilima ambacho mvulana yeyote wa huko angekitaja jina, na tukarudi bila kitu.

Alikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyoonekana vibaya. Kwetu mtu haingii uani akaondoka kama upepo. Anasimama, anapiga makofi, anasalimia, anaulizwa habari za watoto na za mashamba naye anauliza, ndipo anasema shida yake. Longinus alikuwa akisimama katikati ya ua wa mtu, ananyanyua kifaa juu, anangoja setilaiti, ananiambia, "Andika," kisha anawasha pikipiki. Aliogopa kusalimia sana. Katika kusalimia mtu huulizwa majina.

Kiko kitongoji kimoja kandoni mwa msitu. Sitakitaja. Miaka ya nyuma walipita huko watu wasiojulikana, nao walisimama katika nyua, wakanyanyua vifaa vya namna hiyo hiyo, wakaondoka bila salamu. Msimu uliofuata miti ikapakwa rangi nyekundu ya mpaka wa hifadhi, na familia nyingi zikahamishwa, mabati yao kichwani. Watu wa pale hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Siku tuliyomaliza kuweka alama kwenye zizi la Mama Ernesta, tulikuta njia imezibwa kwa magogo na watu wamesimama.

Mwenyekiti wa kitongoji, Anania, alikuwa mtu mpole. Alitukaribisha viti. Lakini Ernesta hakungoja.

"Mwana wa Kalunga! Uliingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe wangu ukamtoa ndama, nikakupikia. Leo unakuja kunipima kama kiwanja? Wamekupa nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu, mama."

"Basi hicho kidude kinaandika nini? Mbona shemeji yako anaandika majina yetu? Yeye si msomi? Wasomi ndio wanaotuuza!"

"Na hasalimii tena!" sauti moja ikadakia kutoka nyuma. "Anapita kama mkimbizi aliyeiba kuku!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno: kwamba ni mpango wa chanjo, kwamba ni utaratibu mpya wa mifugo. Maneno hayo yangetosha. Nimefundisha watu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, najua kusema mbele za watu. Longinus akanishika kitenge, taratibu, kama mtoto.

"Kaa, shemeji. Uongo huo nitausahau, halafu kesho nitasema mwingine."

Akavua kofia. Akawaambia kwa Kiha, lugha ambayo haikuwa imeanza kumtoka, kwamba anaumwa, na kwamba njia zinamponyoka. Alitaka kuzihifadhi nyumba zao kabla hazijaisha kichwani mwake, ili siku ng'ombe akikwama aweze kufika. Hakulia. Alisema kama anavyosema habari za ndigana, ule ugonjwa wa kupe, kwenye kundi.

Anania alitazama chini. Mwishowe Ernesta akasema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ndiyo maana iliuma zaidi: "Pole, mwanangu. Lakini anayesahau nyumba yangu atakumbukaje kipimo cha dawa?"

Longinus aliigeuza kofia mikononi.

"Sisi tunakuamini," Anania alisema baadaye. "Ila kifaa hakina macho. Kesho kinaweza kuwa mkononi mwa mwingine. Majina yetu yakiwa humo, watu hawatalala."

Longinus akakifungua kwenye usukani. Niliposogea kumsaidia akatikisa kichwa. Aliyatafuta majina mwenyewe, akayasoma kwa sauti ili kila mwenye nyumba asikie lake, akabonyeza. Kwa Ernesta. Kwa Anania. Alipoyamaliza ya kitongoji kile, nilidhani ataacha. Akaendelea. Kwa Yusta. Kwa Elisante wa mtoni. Akafuta mpaka Kibondo, nyumba alizozizoea kabla mimi sijaolewa, na Anania akasema, "Hayo si yetu, mzee, yaache," naye hakuacha. Kioo kikabaki na barabara kuu peke yake.

Magogo yakaondolewa. Wanawake walitupigia makofi ya kuagana, kwa heshima, kama watu wanavyoaga msiba. Uchumba wa Deborah ulivunjika mwezi huohuo; nami sijutii, kwa kuwa ukoo unaokimbia ugonjwa utakimbia na mengine. Hakuna aliyepiga simu tena kuhusu ng'ombe.

Siku ile tulipofika barabara kuu, Longinus alisimamisha pikipiki bila kuizima. Magari ya kwenda Kibondo yalipita upande mmoja, ya Kasulu upande mwingine. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Nilimgusa bega la kushoto, upande wa nyumbani, akakata kushoto.