Kisu Nilichosema ni cha Mitumba

Kile kisu sikukinunua mitumbani. Nilikinunua dukani Dar es Salaam, kikiwa kipya ndani ya boksi lake, kwa bei kamili, na muuzaji hakunipunguzia hata shilingi kwa sababu alikwisha kuona macho yangu. Kwa msimu mzima nililikana jambo hili mbele ya mama yangu, mbele ya mume wangu na, Mungu anisamehe, mbele ya katekista aliyeuliza tu kwa kupita.

Nilikuwa na heshima ya kulinda. Nilisoma uchumi chuo kikuu wakati nchi nzima ilipokuwa ikijifunza upya kununua. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupangia sabuni foleni. Sasa siku za mnada pale Mbinga bidhaa zilimwagwa juu ya maturubai: masufuria, betri, kandambili, na visu vya kukunja vyenye mpini mwekundu wa plastiki, bei ya soda na maandazi. Nikirudi likizo nilisimama katika jiko la mama, kijijini Mapera, nikatoa mhadhara. Kisu ni chuma chenye makali, nilisema. Bei kubwa ni ya jina. Tena kizuri kina kasoro yake: kila mtu atakiazima, na kwetu kumnyima mtu kifaa ni kama kumnyima maji. Cha rahisi hakina mwazimaji. Mama alikuwa akisonga ugali. Akasema, "Ahaa." Nilidhani ameshawishika.

Ile hoja ya kuazima bado naiona nzuri. Ndiyo iliyonitokea puani.

Baba alimwachia mama kahawa, miti mizee iliyoandamwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha punje zikiwa bado mbichi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na dawa tulijinunulia wenyewe. Kaka yangu alitaka ing'olewe yote, apande mahindi. Mama aliomba msimu mmoja. Bwana shamba alikuwa amewafundisha wanawake wa parokia kubebesha: unakata shina la zamani, linatoa machipukizi, unapasua chipukizi na kupachika kikonyo cha kahawa mpya isiyougua, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni, mvua zikiwa bado zinanyesha. Kikonyo kikishika, mti umezaliwa upya. Vikonyo visiposhika, kaka anaingia na jembe. Ndivyo walivyokubaliana.

Kazi hiyo inataka kisu. Cha baba kilinolewa mpaka ubapa ukawa mwembamba kama jani la mwanzi, kikavunjika mwaka uleule aliofariki. Mama akaniagiza kingine. Mimi mchumi nikamtumia vile vyekundu, vitatu.

Nilipokuja kumtembelea alinipeleka moja kwa moja shambani. Vikonyo vilikuwa vyeusi vyote. Akakunjua kisu kimoja, akaukamata ubapa kwa vidole viwili na kuutikisa. Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Kisu chako hakikati, mwanangu. Kinatafuna. Mti uliotafunwa haushikani."

Mwezi huohuo nilikwenda Dar kwa shughuli nyingine (kweli kulikuwa na shughuli nyingine) nikarudi na kile kisu.

"Cha mitumba," nilisema. "Nimekiokota kwa bei ya kutupa."

Mama alikikunjua, kikalia tak. Akanyoa nacho vinyweleo vya mkono wake, akatabasamu kama ambavyo sikuwa nimemwona akitabasamu tangu matanga ya baba.

Kabla hajakata kikonyo hata kimoja, akaja mume wa mdogo wangu kutoka Mbaha, ambako anavua, ametuletea usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu. Alikiona kisu, akakisifia, akaomba akakatie kamba za nyavu siku mbili tatu. Mama akakiweka juu ya mkeka, uso ameugeuzia pembeni, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe. Siku mbili tatu zikawa wiki, na wiki zikawa nyingi.

"Si umtumie mtu akamwambie arudishe?" niliuliza.

"Mkwe?" Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Bora kahawa ife kuliko isemwe nimemdai mkwe kisu."

"Mvua zitakatika, mama."

"Najua zitakatika. Ila wewe ni shemeji yake. Shemeji ana ruhusa ya mdomo."

Basi nikateremka mpaka Mbamba Bay, nikapanda boti hadi Mbaha. Mkobani nilikuwa na visu viwili vyekundu vya kubadilishia. Shemeji nilimkuta kando ya chanja la usipa akishona wavu, kisu cha mama kinaning'inia kiunoni kwa uzi.

"Karibu, msomi! Umekuja kutufundisha kuvua?"

"Nimekuja kukupa faida. Nakupa viwili vipya, unanipa hicho kimoja."

Alivipokea, akavikunjua, akavitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai bovu.

"Shemeji, si wewe uliyesema kwenye harusi yetu kwamba visu vyote ni sawa, bei ni jina tu?"

"Nilisema."

"Basi hivi mpelekee mama mkwe. Ni viwili! Atafurahi zaidi."

Mdogo wangu, aliyekuwa akianua usipa, alicheka mpaka akakaa chini. Uchumi wangu nikauweka kando. Nikamtajia bei.

Akaacha kushona. "Ya hiki? Cha mitumba?"

"Si cha mitumba."

"Na uliyelipa ni wewe? Kwa akili zako timamu?"

"Kwa akili zangu timamu, shemeji. Kahawa ya mama inangoja kisu hicho, na kaka anangoja kahawa ife."

Utani ukamtoka usoni. "Mbona mama mkwe hakusema?"

"Angesemaje?"

Alikwenda ziwani akakiosha, akakinoa polepole juu ya jiwe, akakipaka mafuta, akakifunga kwa kitambaa. Akaongeza na samaki mkubwa wa mama. Nilimshukuru siku ile, na hata leo namshukuru: kilirudi kikali kuliko kilivyoondoka. Nilimwomba asimwambie mtu bei. Aliapa, mke wake akiwa amekaa palepale, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka.

Mama alibebesha shamba lote kabla mvua hazijakatika. Mimi nikarudi Songea, nilikokuwa mwalimu wa shule, nikawa nahesabu mawingu. Siku moja simu iliita, namba ya kaka. Nikawaza: jembe limeingia. Lakini aliyekuwa akipiga kelele upande wa pili, kana kwamba sauti ingetembea yenyewe mpaka Songea, alikuwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Kahawa vipi?"

"Mdogo wako hajambo. Watoto hawajambo. Kuku wameanza..."

"Mama! Kahawa!"

"Vimeshika."

"Vyote?"

"Vichache vimegoma, vibishi kama wewe. Kaka yako alikuja na jembe lake. Nimempa palizi."

Nikakaa kwenye ngazi za darasa.

"Na bei mdogo wako ameniambia," akaendelea. "Eti mitumba!" Akacheka muda mrefu, salio la kaka likiteketea. "Sasa nisikilize. Nunua kingine kama hiki, cha mkwe. Ataazima tena, nami sitaweza kumnyima wala kumdai."

"Mama, ni ghali mno."

"Ghali kuliko kahawa?"

Nikasema nitanunua.

"Na safari hii," alisema mama, "uniletee na boksi lake."