Mlima Kwenye Shati la Shule

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ndugu zangu husema nikitumwa sokoni Manyatta huaga kama ninayevuka nchi. Kwa hiyo siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, serikali ilipotufungia ndani kutwa na kutuachia muda mfupi tu wa kuteka maji na kuokota kuni, naweza kusema amri hiyo ilinikuta nimeshaanza kuitii. Wengine waliumia kwa kukaa. Mimi niliumia kwa kuambiwa nikae.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka shamba letu juu ya Kianjokoma, tukapangwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Baba alikuwa amechukuliwa, yuko kambini kizuizini, na hatukujua kambi gani. Shule yangu ya sekondari ilikuwa imefungwa, nikarudi na shati moja jeupe na fizikia kidogo. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na nyanya, mama yake baba. Jina langu ni lake, hivyo aliniita "wajina" akifurahi na "mwanafunzi" akinicheka. Niliitwa mwanafunzi mara nyingi.

Nyanya hakuweza kutembea tena, na kibaya zaidi, alikuwa ameacha kuomba. Kule shambani alitoka kila alfajiri, akauelekea mlima Kirinyaga, makao ya Ngai, Mungu wetu, akahakikisha uko wazi, ndipo akainua mikono. Sasa nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kijijini na ilikuwa imeupa mlima mgongo, mlango ukitazama kituo cha mahomugadi, askari wa kijiji wa serikali. Na mlima wetu ni wa asubuhi. Filimbi ya kuturuhusu kutoka ilipolia, mawingu yalikuwa yameshaufunika.

"Mama, mlima haujahama," mama alimwambia. "Omba hapo kitandani."

"Nimwombee mwanangu kwa kukisia? Wewe unaweza kumpigia mtu hodi hujui hata mlango wake uko wapi?"

Akageukia ukuta. Siku zilivyokwenda akaanza kuacha uji, kwanza nusu, halafu wote. Mama alikuwa anaurudisha sufuriani, na mimi najifanya sioni.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nimeanika shati langu kwenye kamba mle ndani, mlango umefungwa, giza la kupapasa, isipokuwa tundu moja kwenye ubao wa mlango, pale palipokuwa na fundo la mti likadondoka. Nikainua macho, nikaona homugadi anatembea kwenye shati langu. Mdogo kama kidole. Miguu juu, kichwa chini, bunduki yake inaning'inia kuelekea mbinguni.

Nilipiga ukelele ambao haufai kwa mtu aliyesoma.

"Nyamaza, namwona," nyanya akasema. "Ni yule mwenye mdomo. Nilimwomba Ngai ampindue mwaka mzima, hakumpindua. Nimeacha kuomba, ndipo anampindua!"

Tulicheka sote watatu, mama akiziba mdomo kwa leso. Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimefundishwa jambo hili! Nilikuwa nimelichora hata kwenye mtihani, na mishale yake, nikapata alama nzuri, bila kuliamini hata kidogo. Mwanga huenda moja kwa moja, haujui kupinda. Unaotoka kichwani kwa mtu ukipita kwenye tundu dogo huendelea kuteremka, unaangukia chini. Unaotoka miguuni huendelea kupanda, unafika juu. Ndiyo maana mtu anapinduka. Basi, hakuna uchawi. Lakini nilikuwa nimekaa pale nywele zimesimama, kwa sababu yule mtu wangu wa mishale ya mtihani alikuwa amekohoa nje, na kwenye shati langu akajipinda.

Mwalimu wetu wa fizikia alipenda kutusimulia habari za wataalamu. Wenzangu walimpenda Mwitaliano aliyetazama taa ikibembea kanisani akagundua jinsi inavyotunza muda, na Mwingereza aliyeona tofaa likianguka akafikiria mwezi. Mimi nilimpenda mtu wa Basra wa zamani sana. Inasimuliwa kwamba alimwahidi mtawala wa Misri angeutuliza mto Naili, akaenda akauona, akajua hawezi. Kwa kuogopa kuuawa alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani miaka mingi. Humo ndani akautafakari mwanga, hata akatuonyesha kwamba jicho halitoi kitu kwenda kutafuta vitu, bali mwanga ndio unaolijia jicho. Nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kukaa nyumbani kama mimi.

Nikawasimulia mama na nyanya. Halafu nikasema, "Tukitoboa ukuta wa nyuma, mlima utaingia."

"Ukiingia, utakaa wapi?" nyanya akauliza. Lakini alikuwa ameinua kichwa.

Mama alijua hatari yake. Tundu kwenye ukuta ulioelekea msitu lilihesabika kuwa dirisha la kuwapa ishara wapiganaji waliojificha msituni. Nyumba ingebomolewa, na sisi je? Aliutazama uji uliobaki, akachukua kijiti cha kuchomea viazi, akatoboa udongo yeye mwenyewe, juu, karibu na paa. Akaliziba tundu kwa kipande cha gunzi.

Alfajiri iliyofuata tuliziba tundu la mlango kwa tambara, tukatundika shati mbele ya mlango. Mama akachomoa gunzi. Mwanzoni hapakuwa na kitu, na nikaanza kutunga sababu. Kisha jua likapanda, likaupiga mlima usoni, na kwenye shati langu rangi zikatokea polepole: handaki juu kama paa, msitu ukining'inia chini yake, na chini kabisa meno ya Kirinyaga, theluji inang'aa, kama vile mtu ameyachovya kwenye maziwa. Mlima mzima ulikuwa umepita kwenye tundu ambalo punje ya hindi ingekwama.

Nyanya alitazama sana. Mwishowe akasema, "Uko wazi." Halafu, "Mwanafunzi, tundu liko upande gani?"

"Nyuma yako."

"Basi na mlima uko nyuma yangu! Unataka nimwombe Ngai nimempa mgongo? Huko shuleni hamfundishwi adabu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Fizikia yangu ilikuwa imeishia kwenye shati.

Tukambeba, tukamkalisha kwenye kigoda mbele ya mlango, tukamgeuza aelekee tundu. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, kwa hiyo mama akalitoa shati kwenye kamba akamfunika nalo kifuani. Nyanya akainua mikono. Akamwombea mwanawe, akimtaja kwa jina lake na la baba zake, kwa Kiembu, kwa sauti ya chini homugadi asisikie. Yeye alikuwa akitazama nukta ya mwanga tu. Mimi na mama ndio tulioona kwamba mlima ulikuwa umetua kifuani pake, theluji na vyote, ukipanda na kushuka akivuta pumzi.

Ulififia kidogo kidogo. Mawingu. Mama akarudisha gunzi upesi, nje filimbi ikalia.

Tulipomlaza, nyanya alinishika mkono.

"Wajina, yule mtu wako wa Basra. Walimfungulia?"

"Walimfungulia, nyanya. Yule mtawala alipoondoka, wakamfungulia."

Akafikiri.

"Basi leta uji."