Kivuli Kisicho cha Mkorosho

Mwezi wa saba, pale Masasi, kivuli ni mkorosho, na mkorosho ni salfa. Hamidu alilijua hilo kuliko wengi. Miaka kumi na minne alikuwa akibeba mashine mgongoni na kuwapulizia watu mashamba yao kwa ule unga wa njano unaozuia ukungu wa mikorosho, tangu Lupaso mpaka Mnyambe. Ndiyo kazi iliyowalisha. Sasa mkewe, Mwanaisha, kifua kilikuwa kimekwisha. Kule hospitali ya Ndanda waliambiwa wazi kwamba dawa ya kupunguza ipo, ya kuponya hakuna, na vumbi asilisogelee.

Tangu hapo Mwanaisha alilala chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi. Hamidu alioga nje kila jioni na kulala barazani. Jumatano mkewe alimwita, akasema naye kupitia pazia.

"Baba Esha, nataka kula chakula nje, kwenye majani, pamoja na mtoto. Mara moja tu."

"Ngoja msimu uishe, Mama Esha."

"Msimu utaisha. Mimi sijui."

Kesho yake Hamidu aliiacha mashine, akapanda baiskeli kutafuta bustani. Ya kwanza, jirani na stendi, ilijaa moshi wa wakaanga chipsi. Ya pili ilikuwa nzuri, ina bembea, lakini nyuma ya ukuta ilisimama mikorosho mitatu, majani yamejaa unga. Akawaza Newala, kule ukingoni mwa nyanda za juu, upepo unakopanda kutoka bonde la Ruvuma. Lakini njia nzima ni mikorosho, mgonjwa asingefika.

Jioni akaikuta ya tatu, ndogo, ina mijohoro minne na majani yaliyomwagiliwa. Hamidu akasimama chini ya kila mti, kafumba macho, akivuta pumzi. Mlinzi wa pale, Filemoni, alimtazama hadi akachoka.

"Mzee, unanunua hewa?"

"Huko upepo unakotoka kuna mkorosho?"

"Kuna makaburi tu. Wale hawapulizii."

"Na mchana upepo hugeuka?"

"Bwana, mimi nalinda geti. Upepo sijakabidhiwa."

Hamidu alikaa saa nzima akinusa. Harufu hakuna. Akarudi nyumbani akikanyaga pedali kama kijana.

Jumapili Bimdogo, mdogo wake Mwanaisha, alifika na mkeka na kikapu cha wali na mbaazi za nazi. Hamidu alioga mara tatu, akavaa shati jipya. Akampakia mkewe kwenye keria, mkewe kajifunga puani kanga iliyoloweshwa maji, akaisukuma baiskeli kwa kuzunguka vichochoro visivyo na miti, Bimdogo na Esha wakifuata nyuma. Njia ikawa ndefu, jua likawa kali. Walipofika, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mkeka ukatandikwa. Mwanaisha akaishusha kanga, akatazama juu, majani yakicheza. "Kumbe mbingu bado ipo," akasema, na Bimdogo akacheka. Hamidu akaketi ubavuni pake, akamwekea wali.

Hata tonge la kwanza halijamezwa, kikohozi kikamshika Mwanaisha.

Hamidu akaangaza miti, akaangaza ukuta. Akanusa. Harufu ilikuwepo, ileile ya salfa. Akaushika mkeka na kuunusa.

"Mkeka mpya huo, shemeji, nimeununua jana," Bimdogo akasema, amemshika dada yake mabega.

Akanusa kikapu. Akanusa kanga. Mwanaisha alikuwa amejikunja, midomo inabadilika rangi. Hapo Esha, mwenye miaka sita, akasema polepole, "Baba, ni wewe."

Jasho ndilo lililoitoa salfa ngozini. Sabuni na shati jipya havikuifikia ilipokuwa imekaa.

Hamidu akainuka, akarudi nyuma hatua tano. Kikohozi kiliendelea. Akarudi kumi nyingine. Alipofika getini kilipungua. Alipotoka nje, ng'ambo ya barabara, kikakoma.

Filemoni akamfuata. "Mbona umetoka? Si ulipachagua mwenyewe?"

"Nimepachagua," Hamidu akasema. "Pako sawa."

Baada ya muda Esha akaja na sahani, akaiweka chini mbali kidogo na baba yake. "Mama anasema ule hukohuko. Anasema mahali pazuri."

Hamidu akaiokota, akabaki ameishika. Kupitia vyuma vya geti alimwona mkewe akila taratibu, pua wazi, Esha kamlalia mapajani. Mwanaisha akageuka kumtazama. Hamidu hakumpungia mkono. Aliogopa hata ule upepo wa mkono.