Marcelline na Walinzi wa Damu

Ni saa moja asubuhi Sydenham, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, na mabenchi ya kliniki yamejaa. Marcelline anapita katikati ya wagonjwa, chupa ya chai kwapani, akisalimia huku na huku. Akifika kwa Wakongo wenzake, anakaa kabisa.

Mama huyu wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, ni mshauri wa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kazi yake ni kuwaeleza kwa Kiswahili CD4 ni nini: zile chembe nyeupe za damu zinazotambua maradhi, kisha zikaita nyingine zije kupigana. Posho yake haitoshi hata kodi ya chumba, lakini kazi anaipenda.

Zamani alieleza kama alivyofundishwa, kwamba CD4 ni askari wa mwili na dawa zinawaongeza. Mfano huo ulikwama kwa Vénérand.

Vénérand, aliyeruhusu habari zake ziandikwe, analinda magari kwenye maegesho ya maduka Overport. Mwaka 2012 CD4 zake zilishuka hadi 140, wakati mtu mwenye afya huwa na zaidi ya 500. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama.

“Mama, miye nilikimbia basoda, hao askari. Baliua baba yangu. Sasa unataka baongezeke mu damu yangu?”

Akaondoka bila dawa. Marcelline aliogopa kwamba atamzika.

Jumamosi alimfuata kazini, akasimama pembeni kama mteja. Mara mtu akaanza kuchokoa mlango wa gari. Vénérand akapiga mluzi, wenzake wakatokea kila upande, mwizi akatimua mbio.

Walipobaki wawili, Marcelline akamwambia, “CD4 ndiyo wewe. Anamujua mwizi, anaita bengine. Lakini hii virusi inakamata mlinzi mwenyewe. Sasa parking itabaki na nani?”

Vénérand akamtania: basi hao walinzi nao walipwe, maana yeye halindi bure. Marcelline akamjibu kwamba malipo yao ni vidonge, kila siku ya Mungu.

Jumatatu alikuja kuanza dawa. Sasa ni 2014, CD4 zake zimepita 400 na mashavu yamerudi.

Leo amekuja na mwenzake wa kazini, Ruphin, anayesita mlangoni. Marcelline anainuka kumfuata, lakini Vénérand anamwomba amwachie. Anatoka nje, anamshika Ruphin bega, anaanza kueleza.

Marcelline anarudi kukaa, anawatazama kama mama anavyomtazama mwanawe akitembea.

“Nataka kila parking ya Durban ikuwe na mutu wa kueleza hivi,” anasema. “Wa kwanza niko naye.”