Sauti Yangu Ndiyo Inayouza Gari za Shemeji

Assalaam alaykum nyote. Jina langu lifichwe tafadhali, mtaa si neno, maana Michenzani tuko wengi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza skuli na niko nyumbani. Tangu mdogo nna haya. Darasani nikiulizwa suali jibu nalijua, lakini sauti haitoki. Ndiyo maana haya nayaandika.

Baba huchukua wageni kuwapeleka Kidichi kwenye mashamba ya viungo, na Jozani kuangalia kima punju. Kigari chetu cha zamani hakikuwa na sura wala jina kubwa, watoto wa mtaani wakikiita "sanduku". Lakini hakikuwahi kulala njiani, na spea zake zilipatikana kila duka.

Dada yangu ameolewa na muuza gari za mtumba, mwenye ukurasa wake mtandaoni. Kila akija kula kwetu shemeji alikuwa na neno moja: "Baba, wageni hawapandi gari, wanapanda jina. Mgeni akiiona nembo tu mbele, keshaamini kabla hujamfungulia mlango." Baba akicheka. Mpaka siku moja akaenda hotelini kuchukua wageni wake, wakapewa mwenzake mwenye gari ya jina kubwa. Baba alirudi nyumbani, hata chai hakunywa. Kigari kikauzwa. Akiba iliyokuwa ya chuo changu cha uuguzi ikatiwa juu yake, tukanunua kwa shemeji gari ya jina.

Kadi ya gari, ile inayoandikwa gari ni ya kampuni gani, shemeji alisema bado inashughulikiwa. Baba hakuuliza tena. Kwetu sisi, kumdai mkwe wako karatasi ni sawa na kumwita mwizi mbele ya mwanao.

Gari ikasomewa dua. Tulitandika mikeka chini ya jumba letu, majirani wakaja, wakala halua na kunywa kahawa. Dada akanivuta pembeni, simu mkononi. "Sema mawili matatu, uso wako hatuutoi. Wewe sauti yako ina ukweli, mtu akikusikia anaamini." Hakuna aliyewahi kuniambia kama sauti yangu ina kitu. Nikasema: "Baba yangu ameiamini gari hii, na mimi namuamini baba yangu." Shemeji akaitia kwenye ukurasa wake. Watu waliipenda mno, na mimi nilifurahi, sitasema uongo.

Haikupita muda gari ikaanza kuchemka njia ya Jozani, wageni wakashuka kungoja juani. Baba akinunua spea kwa bei ya jina, na zikitiwa hazidumu.

Asubuhi moja nilimshushia ndoo ya maji akiosha gari. Alipopitisha kitambaa mbele, nembo ikabanduka, ikabaki mkononi mwake. Chini yake palibaki umbo la nembo nyengine, rangi yake haijapigwa na jua. Ilikuwa nembo ya kigari chetu cha zamani. Kampuni ile ile, "sanduku" lile lile la toleo jengine, limevishwa nguo ya harusi tu.

Baba akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Kaniletee gundi."

"Baba..."

"Gundi, mwanangu. Watu washakula halua yetu."

Nikaenda kuileta. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaing'arisha pale chini, mbele za watu.

Nilikwenda kwa dada, nikijua atashtuka kama mimi. Hakushtuka. Aliendelea kukunja nguo.

"Bodi ni moja, majina mawili," akasema. "Kwani gari inatembea kwa jina?"

"Basi mbona mlimuuzia baba jina?"

Akashika tumbo lake, ana mimba. "Usije ukanivunjia nyumba yangu. Huyu utamlea wewe?"

Alikuwa anajua, jamani. Siku ananishikia simu akinisifu sauti, alikuwa anajua. Shemeji ni mtu baki, lakini yule tumenyonya ziwa moja.

Ningemeza, kama si jana. Alikuja jirani yetu Bi Mwanajuma, mjane, muuza urojo. Kwa urojo huo amesomesha watoto wake wote. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa furaha.

"Jumamosi nakwenda kulipa gari kwa shemeji yako, ya jina hili hili kama ya baba'ako. Nataka mwanangu achukue wageni. Namuona baba'ako anavyoisugua kila siku, nikasema mtu hasugui kitu kibovu. Lakini kilonitoa wasiwasi ni sauti yako kwenye ile video. Nlimwambia mwanangu, yule mtoto hata salamu humtoka kwa tabu, akisema jambo ujue ndo hilo."

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama sakafu. Nikajibu, "Inshaallah, Bi." Hilo tu ndilo lililotoka.

Alipoondoka baba akaniambia bila ya kuinua uso, "Nisitiri, mwanangu."

Nikisema, nyumba ya dada itavunjika akiwa na mimba, na baba yangu nitakuwa nimemvua nguo Michenzani nzima. Nikinyamaza, mjane atatoa jasho lake la miaka kwa sababu ya sauti yangu. Video bado ipo. Nilimuomba dada aifute, akanambia ndiyo inayouza kuliko zote.

Nyinyi hamnijui, ndiyo nimeweza kuwaambia. Jumamosi haiko mbali. Nimstiri baba, au niende nikagonge mlango wa Bi Mwanajuma? Nishaurini, ndugu zangu. Na kama ni kwenda, niambieni na neno la kuanzia, maana nikifika pale mlangoni najua sauti itanikimbia.