Tulimweka Zaina Juani

Ipo asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ambayo hainitoki. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na dada yangu Zaina alikuwa jikoni akifunga karoti mafungu kwa ajili ya gulio la Mlola. Mara kamba ikamtoka mikononi. Akaiokota, ikamtoka tena. Vidole vilikataa kukunjika.

"Baridi yabisi hiyo," baba akasema. "Mtoeni nje, aote jua."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kwetu Usambara baridi tunaijua, na jina lenyewe lilitosha: ugonjwa unaoitwa baridi, dawa yake joto. Tangu siku hiyo kiti cha Zaina kiliwekwa uani, naye akawa anakaa hapo hadi adhuhuri. Biashara huria ilikuwa imeleta maduka ya dawa hata huku milimani, basi jioni alimeza vidonge vya maumivu ambavyo hakuandikiwa na daktari yeyote.

Shangazi alipopita alimtania. "Zaina, naona umeolewa na jua!"

"Lingetoa mahari kwanza, shangazi. Hili linanichoma bure, linaingia mpaka mifupani."

Tulicheka. Nani mwingine huku alilalamikia jua la kipupwe? Naye alicheka, kile kicheko chake kifupi, kama mtu aliyekumbuka katikati kwamba ana kazi. Hicho ndicho ninachokitamani hadi leo nikiwa peke yangu.

Baadaye mashavu yake yakaiva, wekundu ukavuka pua. Majirani wakasema anajichubua kwa sabuni za madukani. Mama akapekua sanduku lake, asione kitu. Nywele zikakatika, wakasema ni mawazo ya kukosa mchumba. Kila dalili tuliipa sababu yake. Miguu ilipovimba hata viatu visiingie, tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Alimpima mkojo, akamtazama uso na mikono, kisha akamwuliza huzidiwa wakati gani.

"Nikitoka juani, daktari. Nawaambia hawa, wananicheka."

"Nani anakuweka juani?"

"Mimi, baba yake," baba akajibu. "Si baridi yabisi?"

"Mzee wangu, jina limekupoteza. Kinga ya mwili wake imemgeukia mwenyewe. Viungo, uso, nywele, na sasa figo, vyote ni ugonjwa mmoja, unaitwa lupasi, na jua huuchochea. Aliyejua ni huyu binti, nanyi mkamcheka."

Tulipotoka nje baba alivua kofia yake, akamvika Zaina.

"Baba, watasema nimekuwa shehe," Zaina akasema.

"Waseme," baba akajibu.

Dawa zilimrudishia mikono kwa muda, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Tulimzika wakati wa vuli. Tangu hapo nimesoma nilichoweza kupata juu ya ugonjwa huo, kamusi ikiwa pembeni. Nimejua kwamba wengine hutibiwa malaria ambayo hawana, na kwamba damu ya wengine hupimwa ikaonyesha kaswende, kumbe ni ugonjwa huu umekidanganya kipimo. Ndoa zikavunjika kwa hilo. Nimejifunza mengi. Hayajanirudishia dada.

Basi, mwanangu, maumivu ya viungo yakija na jambo jingine, liwe homa, vipele, kukatika nywele au miguu kuvimba, usiyatenganishe. Mpelekee daktari yote kwa pamoja, hata yale unayoyaona madogo. Usimeze dawa za maumivu mfululizo kwa kubahatisha. Na mgonjwa wako akikwambia jambo usiloweza kuliamini, acha kucheka, umwulize tena.

Mwenyezi Mungu akulindie viungo vyako na macho yako. Akujaalie kuwasikia uwapendao wangali wanasema.